Mgongo Usiopona: Wakati wa Dawa na Wakati wa Kisu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na kamati yetu ya afya hapa Kithimani baada ya ibada, Jumapili iliyotangulia Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba nakala ya kupeleka nyumbani.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mgongo. Wengine mtasema, mgongo nao ni habari? Nani hapa haumwi na mgongo? Akina mama wetu wanabeba maji kwa kamba ya kichwani, mtungi umelalia kiuno, tangu wakiwa wasichana. Vijana wanapakia mchanga kwenye malori kwa sepetu kutwa nzima. Walio na mashamba karibu na mfereji wa Yatta wanabeba pampu ya dawa mgongoni wakinyunyizia mishiri. Mfereji wenyewe ulichimbwa miaka ya 1950 kwa migongo ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Kwa hivyo Yatta hii maumivu ya mgongo ni kama vumbi, kila mtu analo.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa kuwa kila mtu anaumwa, yule mmoja ambaye mgongo wake unaliwa na vijidudu anachukuliwa kuwa kama wengine. Anaambiwa apumzike. Anapakwa dawa ya kuchua. Anadungwa sindano ya maumivu. Miezi inapita, na siku anapofika hospitali, miguu imekwisha kufa ganzi.

Tunaanza na toba

Kabla hatujawafundisha ninyi, tuseme kosa letu. Kuna dada mmoja wa eneo hili, hatutamtaja jina, ambaye tulimtembelea mara tatu nyumbani kwake. Maumivu yalimwanza wakati wa kupanda. Alidhani ni jembe. Sisi pia tulidhani ni jembe. Tulimwombea, tukamwachia mafuta ya kuchua na vidonge vya maumivu, tukaenda zetu. Mara ya pili alikuwa amekonda. Tukasema ni mawazo, kwa sababu mvua ilikuwa imekosa. Mara ya tatu alituambia usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Hata hapo hatukumwomba atuonyeshe mgongo wake. Tuliona haya, na yeye aliona haya.

Mwezi wa saba binti yake alikuwa akimsaidia kuoga, akagusa uvimbe mdogo katikati ya mgongo, mgumu kama kifundo cha muwa. Wiki mbili baadaye mama huyo alianza kujikwaa kwenye uwanja tambarare. Baada ya siku chache hakuweza kusimama. Majirani wakaanza kusema amerogwa.

Alikuwa na kifua kikuu cha mfupa wa mgongo. Hakuwa akikohoa hata kidogo. Tutarudi kwake baadaye. Kwa sasa tunataka mjue ya kwamba habari hii tumeijifunza kwa aibu, na ndiyo sababu tunaisema kwa nguvu.

Mgongo umejengwaje

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa moja juu ya nyingine kama vikombe. Shingoni kuna pingili 7, kifuani 12, kiunoni 5. Chini yake kuna 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja, na mwisho kabisa kuna vifupa vya mkiani, ambavyo kwa kawaida ni 4. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini kinachofanya kazi kama mpira wa kuzuia mtikisiko. Nyuma ya hayo yote kuna mfereji, na ndani ya mfereji inapita kamba kuu ya fahamu kutoka kwenye ubongo. Kamba hiyo humwishia mtu mzima karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini ni nyuzi nyingi zilizotawanyika, ambazo madaktari huzifananisha na mkia wa farasi. Nyuzi hizo ndizo zinazotumikia miguu, mkojo na choo kikubwa.

Sasa, vijidudu hufikaje huko ndani? Mara nyingi kwa njia ya damu. Jipu lisilotibiwa, ugonjwa wa njia ya mkojo, kidonda cha mguu cha mtu mwenye kisukari, sindano isiyo safi: vijidudu hutoka hapo vikasafiri na damu mpaka kwenye mfupa. Vikishakaa hapo hula mfupa na kutengeneza usaha. Usaha hautulii. Unatafuta njia. Ukielekea nyuma unaibana ile kamba ya fahamu. Ukishuka chini unafuata msuli mkubwa unaotoka kiunoni hadi pajani, na mtu anaweza kuona uvimbe kwenye kinena, mbali kabisa na mgongo.

Magonjwa matatu yenye sura moja

Kwanza ni kifua kikuu, yaani TB. Ni ugonjwa wa zamani sana. Hata maiti zilizohifadhiwa na Wamisri wa kale zimekutwa na migongo iliyopinda namna hiyo. Daktari wa London, Percivall Pott, aliueleza vizuri mwaka 1779, na mpaka leo madaktari wanauita kwa jina lake. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu chenyewe, na ndiyo sababu siku hiyo inaadhimishwa duniani kote. TB ya mgongo hupenda sehemu ya chini ya kifua na ya juu ya kiuno. Huja polepole, kwa miezi.

Pili ni vijidudu vya usaha wa kawaida, hasa kile kinacholeta majipu, kiitwacho stafilokokasi. Huyu ni mwizi wa haraka. Anaweza kuharibu diski katika wiki chache. Mtu huwa na maumivu makali, na mara nyingi homa, ingawa si kila wakati. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye kisukari, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, na wale ambao kinga ya mwili imepungua.

Tatu ni brusela, ugonjwa wa mifugo. Huu ni wetu hasa sisi wafugaji. Unapatikana kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi, au kushika ndama aliyetoka kabla ya wakati bila kulinda mikono. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, na ukifika mgongoni hupenda kiuno. Wengi hutibiwa malaria mara tatu, mara nne, kabla mtu hajafikiria brusela. Maziwa yakichemshwa sawasawa kijidudu kinakufa. Hata maziwa lala, kama yalitengenezwa kwa maziwa mabichi, usiyaamini.

Magonjwa haya matatu yanafanana kwa dalili, lakini dawa zake ni tofauti. Ndiyo maana dawa ya kubahatisha kutoka dukani ni hatari. Inaweza kupunguza homa kidogo, ikaficha kijidudu kisionekane kwenye vipimo, na ugonjwa ukaendelea chini kwa chini kama moto wa kinyesi cha ng'ombe.

Dalili za kukimbilia

Maumivu ya kazi hupungua ukilala. Maumivu ya ugonjwa huu hayajali kulala. Mara nyingi usiku huzidi. Kwa hivyo andikeni haya:

1. Maumivu ya mgongo yaliyopita wiki tatu au nne na yanazidi, hasa mahali pamoja panapouma ukipagonga kwa kidole.

2. Maumivu pamoja na homa, jasho la usiku, au kukonda bila sababu.

3. Uvimbe au nundu kwenye mstari wa mgongo, au uvimbe kwenye kinena usiouma sana.

4. Mtoto anayekataa kuinama. Jaribuni hivi nyumbani: weka sarafu chini, mwambie aiokote. Mtoto mzima atainama upesi. Mwenye ugonjwa atachuchumaa taratibu huku mgongo umenyooka kama ubao, na mkono mmoja ameushika kwenye goti.

5. Miguu kuwa mizito, kujikwaa, ganzi, kushindwa kukojoa au kutojua mkojo unatoka, au kufa ganzi sehemu zile unazokalia kwenye kiti cha baiskeli.

Hiyo ya tano si ya kungoja kesho. Hiyo ni ya saa hiyo hiyo. Ukimwona mtu wa namna hiyo usimpakie kwenye boda boda akiwa amekaa katikati ya watu wawili. Mlaze kwenye ubao au godoro gumu, tafuta gari, nenda hospitali.

Dawa kwanza, lakini si dawa peke yake kila mara

Hapa tufike kwenye kisu, kwa maana ndicho kinachowaogopesha wengi.

Zamani, kabla ya dawa, mgonjwa wa TB ya mgongo alilazwa miaka, pengine amefungwa kwenye plasta. Mwaka 1911 huko New York madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunganisha pingili kwa mfupa ili mgongo usipinde zaidi. Lakini kijidudu kilibaki ndani. Mwaka 1943 ikapatikana streptomaisini, na baadaye dawa nyingine. Mwaka 1956 madaktari wa Hong Kong, Hodgson na Stock, walieleza njia ya kuingia kwa mbele, kutoa mfupa wote uliooza na kuweka mfupa mzima mahali pake.

Ndipo likaja swali: je, kila mgonjwa apasuliwe? Kuanzia miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio Korea, Hong Kong na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko Masan, Korea, walilinganisha waliolazwa hospitali miezi 6 na waliotibiwa wakitoka nyumbani. Kulala kitandani hakukuongeza faida. Huko Pusan waliona plasta nayo haikuongeza faida. Huko Bulawayo, kukwangua mfupa tu hakukuwa bora kuliko dawa peke yake. Lakini huko Hong Kong, wale waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kuweka mfupa, mifupa yao iliungana mapema na migongo yao haikupinda sana.

Mnaona hapo hekima iliyopatikana? Wagonjwa wengi hupona kwa dawa bila kisu. Wachache wanahitaji kisu, na hao wachache wakikikosa wanaharibikiwa. Kazi ya daktari ni kuwajua wachache hao mapema. Daktari Tuli wa India aliita njia hii ya katikati, na ndiyo inayofuatwa mahali pengi.

Afrika Mashariki nayo ilichangia. Wagonjwa wa TB ya mapafu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoanza mwaka 1970, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitoka 1972. Hayo yalisaidia dunia kujua kwamba dawa za miezi 6 zinaweza kutosha kwa mapafu, badala ya mwaka mmoja na nusu. Basi mtu asiseme dawa hizi ni za kizungu; zilipimwa katika miili ya watu wetu.

Kwa mfupa, hapa Kenya utaratibu ni miezi 12: dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 10. Dawa hizo ni bure katika vituo vya serikali. Kwa vijidudu vya usaha, matibabu ya kawaida ni kama wiki 6. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2015 ulionyesha wiki 6 zilitosha sawa na 12 kwa wagonjwa wengi. Brusela ya mgongo inahitaji dawa zaidi ya moja kwa miezi isiyopungua 3, na ni mara chache inahitaji kisu.

Nani apasuliwe?

Tuliwauliza madaktari, nao walitueleza sababu kubwa nne.

Ya kwanza ni pale kamba ya fahamu au zile nyuzi za chini zinapobanwa, miguu inadhoofika au mkojo unazuilika. Hapa muda ni kila kitu. Aliyepoteza nguvu kidogo kwa siku chache ana tumaini kubwa kuliko aliyekaa miezi bila kusogeza mguu.

Ya pili ni usaha mwingi. Wakati mwingine hutolewa kwa sindano ndefu huku daktari akiangalia kwa mashine, bila kupasua sana. Wakati mwingine lazima ufunguliwe.

Ya tatu ni mifupa iliyobomoka mpaka mgongo hauwezi kujibeba, au unapinda. Watoto waangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu mtoto anakua, na nundu yake inaweza kukua pamoja naye hata baada ya kijidudu kufa.

Ya nne ni mgonjwa aliyekunywa dawa sawasawa na hapati nafuu, au ambaye kijidudu chake hakijajulikana hata baada ya vipimo vya damu na sindano. Kipande cha mfupa kikichukuliwa, maabara inaweza kusema ni nani hasa, na kama ni TB iliyozoea dawa.

Daktari mpasuaji anafanya nini?

Mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa, hasikii kitu. Kama ugonjwa uko kifuani, daktari anaweza kupita ubavuni kati ya mbavu. Kama uko kiunoni, anaweza kupita pembeni mwa tumbo. Siku hizi wengi hupita kwa nyuma. Anaondoa usaha na mfupa uliokufa, anaiachia kamba ya fahamu nafasi ipumue. Pale palipobaki wazi anaweka kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kutoka ubavu au nyonga, au kizimba kidogo cha chuma. Kisha anafunga skrubu kwenye pingili nzima za juu na za chini, anaziunganisha kwa fito za chuma. Ni kama fundi anayeegemeza ukuta kwa nguzo huku saruji ikikauka. Mfupa ndio saruji, na unachukua miezi kushika.

Hatuwadanganyi kwamba ni kazi nyepesi. Inaweza kuchukua saa nyingi. Damu hupotea, kwa hivyo lazima wapatikane watu wa kuchangia. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Fahamu zinaweza kuumia. Wapo wanaofariki. Mtu ana haki ya kuelezwa haya yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na anaweza kuomba aelezwe tena kwa Kikamba.

Na kisu hakiui vijidudu vyote. Aliyepasuliwa akaacha dawa ni kama aliyeng'oa magugu akaacha mizizi. Lazima amalize miezi yake.

Kazi ya upasuaji wa mgongo haifanywi katika kila hospitali. Kwa kawaida safari inaanzia kituo chetu cha karibu, inapita Matuu, Machakos au Thika, na mwisho inafika kwenye hospitali kubwa kama Kenyatta ya Nairobi, au hospitali za makanisa kama Kijabe, ambako hospitali imekuwapo tangu 1915. Ombeni barua ya rufaa na nakala za eksrei. Msiende mikono mitupu mkaanza upya.

Turudi kwa yule dada

Familia yake ilikutana usiku. Mjomba mmoja alisema, mtu akipasuliwa mgongo hatembei tena. Mwingine akasema apelekwe kwa mganga wa ng'ambo ya mto. Mume wake alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hata sasa hatembei. Tunaogopa kupoteza nini?" Asubuhi waliuza fahali, kanisa likachanga, na vijana wawili wakaenda kutoa damu.

Alipasuliwa. Aliwekewa kipande cha mfupa wa nyonga yake na skrubu. Wiki ya tatu alisogeza kidole gumba cha mguu. Watu walilia. Lakini baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuchosha: kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kumfanyisha mazoezi, kumkumbusha dawa kila siku miezi 12. Leo anatembea kwa fimbo. Habebi maji, na mguu mmoja bado ni mzito. Daktari alituambia, bila ukali, kwamba kama angefika mwezi wa pili badala ya wa saba, pengine angetibiwa kwa dawa tu.

Tulirudi nyumbani na neno hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa mara tatu.

Maswali mliyouliza

Mzee mmoja aliuliza: je, TB ya mgongo inaambukiza? Iliyo ndani ya mfupa peke yake haiwezi kumwambukiza mtu kwa kula au kulala pamoja. Lakini lazima apimwe mapafu, maana wengine wanazo zote mbili. Watoto wa nyumba hiyo nao wapimwe. Na mgonjwa apimwe virusi vya ukimwi, kwa faida yake, kwa sababu magonjwa haya mawili hutembea pamoja na dawa zake lazima zipangwe vizuri.

Mama mmoja aliuliza: dawa zinageuza mkojo kuwa mwekundu, je, ni damu? Hapana, ni rangi ya rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, kuona kukififia, au nyayo zikiwaka moto, rudi kliniki mara moja. Usiache dawa kimya kimya.

Kijana mmoja aliuliza juu ya gharama. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni na mlipe mchango mkiwa wazima, si siku ya kulazwa. Hospitali lazima iombe kibali kabla ya upasuaji uliopangwa, na ulizeni mapema ni kiasi gani kitabaki juu yenu. Dawa za TB ni bure, lakini nauli, picha za MRI na chakula cha anayemuuguza mgonjwa si bure.

Na dada mmoja aliuliza kwa sauti ndogo: je, kwenda kupasuliwa ni kukosa imani? Dada, Luka aliyetuandikia habari ya yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, Paulo mwenyewe anamtaja kuwa tabibu. Na yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini, alikuwa na watu wanne waliombeba. Hawakubaki nyumbani wakisema tutaomba hapa hapa. Walimbeba, wakabomoa na dari ya watu. Kubeba mgonjwa ni imani.

Tunaomba mambo matatu

La kwanza: kila kikundi cha akina mama, cha vijana na cha wazee kichague watu wawili, tutakaowafundisha zile dalili tano. Wakisikia mtu anaumwa mgongo zaidi ya mwezi, wamtembelee na waombe kuuona huo mgongo, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Haya tuziache mlangoni. Mficha maradhi kilio humfichua.

La pili: tuandike orodha ya watu walio tayari kuchangia damu wakiitwa, na mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku.

La tatu: lile sanduku la wagonjwa tusilifungue tu wakati wa matanga. Shilingi inayotumika kumpeleka mtu kupigwa picha mwezi wa kwanza inafanya kazi kuliko elfu nyingi za harambee ya jeneza.

Kithimani jina lake linatokana na kisima. Watu walikuja hapa kwa sababu palikuwa na maji, na waliyabeba kwa migongo yao mpaka leo. Akina mama, migongo hiyo imetulea. Mtu wenu akisema mgongo wake haumpi usingizi, msimwambie azoee.

Sasa tuombe, halafu walio na maumivu ya muda mrefu wabaki kidogo. Wauguzi wawili wako pale darasani la watoto wa Jumapili, na pazia limewekwa.